Metrine na Mtungi wa Siki

Watu wa Kimilili walipomuaga Metrine akienda Arabuni walimwambia kule hakuna pombe, basi ashukuru, angalau atapumzika na harufu ya nyumba ya nyanya yake. Walikuwa wanamtania, na yeye alicheka. Sasa sikiliza mambo ya dunia. Metrine akavuka bahari, akavuka jangwa, akafika Jidda, mtaa wa Rawdah, na haukupita muda mrefu akajikuta amepiga magoti uani kwa mwajiri wake, sikio kaliweka juu ya mtungi, anasikiliza kitu kinachochemka bila moto.

Huyu Metrine alilelewa katika nyumba mbili. Nyumba ya mama yake ilikuwa ya Marafiki, lile kanisa la watu wasioapa na wasiogusa pombe. Mle ndani ukisema ndiyo ni ndiyo, ukisema siyo ni siyo, na Jumapili mnakaa kimya mbele ya Mungu mpaka miguu inakufa ganzi. Nyumba ya pili ilikuwa ng'ambo ya shamba la mahindi, kwa kukhu, nyanya yake, na kukhu alikuwa mpishi wa busaa, ile pombe ya unga, anayejulikana mpaka Webuye. Mama anaomba, kukhu anapika, na mtoto yuko katikati, asubuhi kabeba Biblia ya huyu na jioni kabeba kuni za yule. Alijua unga unavyovundikwa, unavyokaangwa juu ya bati, unavyotiwa kimera cha wimbi. Na alijua neno moja ambalo kukhu hakuchoka kulisema: kitu hakichachi haraka peke yake, ukitaka kiwahi kitie kidogo cha kile kilichokwisha kuchacha.

Alipokua alikataa pombe akachagua mandazi. Aliuza mandazi na chai stendi ya Kimilili miaka mingi, mpaka stendi ilipohamishwa na wateja wakahama nayo. Ndipo akasikia habari za ajenti, akapewa pasipoti, akapandishwa ndege. Mambo ya namna hiyo mnayajua, sina haja ya kuyarefusha.

Ila Metrine alibahatika, na bahati yake ilikuwa na jina: Bi Mwanakhamis. Huyu alikuwa mjane mtu mzima, mzaliwa wa Unguja, aliyeletwa Jidda na wazazi wake baada ya yale mapinduzi ya sitini na nne, angali msichana asiye na meno ya mbele. Akakulia Jidda, akaolewa Jidda, akazika mume Jidda. Kiarabu chake ni cha Hijazi hasa, lakini Kiswahili hakikumtoka, na mumewe alipokufa akakosa wa kuzungumza naye. Mwanawe wa pekee, Soud, alikuwa Riyadh na kazi yake ya ofisini. Basi Soud alipotaka kumletea mama msaidizi wa nyumbani, yule bibi alisema hataki mwengine yeyote, anataka Mkenya, na sababu aliitaja waziwazi: anataka mtu wa kugombana naye kwa Kiswahili.

Na waligombana, mwanangu wee. Siku ya kwanza tu Metrine alimwita madam. Akaambiwa madam yuko Riyadh, mke wa Soud, yeye aitwe Bi. Metrine akasema sawa, nimeskia. Akaambiwa si nimeskia, ni nimesikia, na kwamba Kiswahili chake kimekuja kwa barabara ya mawe. Metrine naye, ambaye hana ulimi wa kukopa, akajibu kwamba cha Bi kimekuja kwa meli ndiyo maana kinayumba. Yule bibi alicheka mpaka mtandio ukamdondoka. Tangu siku hiyo walikula pamoja meza moja ya jikoni, wakalala mchana vyumba vinavyotazamana milango wazi, na Metrine akajua dawa za Bi, na goti lake linaloamka kabla yake, na kwamba akigeukia ukuta usingizini ameota mumewe.

Sasa huo mtungi. Soud aliwahi kuwachukua mama yake na mkewe kwenda kutembea Jojia, ile nchi ya milimani juu ya Uturuki ambako watu wa Saudia hukimbilia joto likizidi. Huko wakapelekwa kwenye shamba la zabibu, na mwenye shamba akawaingiza katika banda lenye mashimo sakafuni. Kumbe si mashimo, ni midomo ya mitungi. Mitungi ya udongo, imepakwa nta kwa ndani, imezikwa ardhini mpaka shingoni. Yule bwana alieleza kwamba zabibu nyeupe hupondwa zikatiwa humo na maganda yake, na kokwa, na vikonyo, zikaachwa ardhini zijipike, na mvinyo unaotoka una rangi ya chungwa kwa sababu ya maganda. Hautiwi kitu chochote. Akafunua mmoja. Soud na mkewe Safa waligeuza nyuso na kutoka nje kwa adabu. Bi Mwanakhamis alibaki pale kwenye tundu, anavuta harufu, machozi yanamlengalenga.

Unajua kwa nini? Kwa sababu mama yake, Unguja, alikuwa akichukua tembo la mnazi na kuliacha mtungini mpaka ligeuke siki. Ndiyo siki ya achari zao. Bi hakuinusa tangu utoto, kwa kuwa Jidda hakuna tembo, na siki ya chupa ya dukani alikuwa akiiita maji ya betri. Akamwuliza yule mkulima, kupitia kwa mwongozaji, mtu akiuacha huo mvinyo wazi itakuwaje. Yule bwana akafanya uso wa huzuni, akasema utakuwa siki, nayo kwao ni aibu kubwa. Bi akamwambia basi nitafutie mtungi mdogo, nataka nikaifanye hiyo aibu nyumbani kwangu. Na mtungi ukaja kwenye ndege, umevikwa blanketi tatu, Soud anaubeba huku analalamika.

Metrine ndiye aliyeuchimbia shimo uani, pale vigae vilipong'oka karibu na tangi la maji. Walinunua zabibu nyeupe za Taifu. Wakaziponda kwa mikono, wote wawili, mpaka viwiko vikanata, wakamimina na maganda yake, wakafunika kitambaa. Asubuhi na jioni Metrine alizamisha maganda kwa mwiko mrefu, maana hupanda juu kama povu la uji. Haukupita muda mtungi ukaanza kunong'ona, na Metrine akapiga yale magoti niliyokwambia, akasikiliza, akanusa, akasimama amekunja uso.

"Bi, hii ni pombe," alisema.

"Leo ni pombe. Mbele ya safari ni siki. Nia yangu tangu mwanzo ni siki, na Mungu anaijua."

"Na polisi wanaijua?"

Bi alicheka, lakini Metrine hakuwa anatania. Alikuwa na ikama, kile kibali chake cha ukaazi, mfukoni na hofu yake kifuani. Hata hivyo alimwona yule bibi alivyobadilika. Alikuwa akiamka na kwenda uani kabla ya chai. Alikuwa akisimulia habari za mama yake, za magudulia ya achari, za nyumba ya Mkunazini kule Unguja asiyoikumbuka vizuri. Metrine akasema moyoni, haya, siki na iwe siki.

Shida ilianza Soud alipokuja. Soud si mtu mbaya, nisije nikamsingizia. Ni mtu wa kazi nyingi, anayempenda mama yake kwa simu, na akifika anafika mbio. Na alikuwa na wasiwasi wake. Miezi kadhaa nyuma Bi alisahau birika kwenye moto likaungua mpaka likatoboka, na tangu hapo Soud akawa anataka mama ahamie Riyadh, kwake, Olaya, akae na watu. Bi alikuwa akikataa. Nyumba ya Rawdah ndimo alimoingia bi harusi, ndimo alimomzalia Soud, majirani zake ndio waliomwosha mumewe na kumkafini. Alisema mara nyingi kwamba akitolewa mle atolewe kwa jeneza. Basi siku hiyo Soud akapita uani kwenda kunawa, na harufu ikamkamata pua.

Alifoka kwa sauti ya chini, ambayo ni mbaya kuliko ya juu. Alisema hii ni hatari, jirani mmoja akinusa akapiga simu, ataeleza nini, kwamba mama yake anapika mvinyo? Bi akamwambia ni siki ambayo haijafika. Soud akasema mtu mwenye akili timamu hawezi kufukia kitu kama hiki nyumbani kwake katika nchi hii. Kisha akatoa neno lake: atarudi mwezi ujao, na akikuta bado ni mvinyo, ataumwaga, atauvunja mtungi, na mama atafunga virago aende Riyadh, kwa kuwa itakuwa imethibitika kwamba hawezi tena kuachwa peke yake. Bi alisema sawa. Lakini Metrine aliona alivyommiminia mwanawe kahawa mpaka kikombe kikafurika.

Baada ya hapo walingoja. Bi alifunua mtungi hewa iingie, akasoma dua, akaonja kwa harufu tu, akafunika. Hali ya hewa ilikuwa imepoa kidogo na mtungi ulikuwa ardhini, baridi yake yenyewe. Siku zikaenda. Harufu ni ileile, tamu, ya kulevya. Bi akaacha kugombana mezani. Siku moja Metrine alimkuta amesimama katikati ya ukumbi, anagusa fremu ya mlango kwa kiganja, anaipapasa tu. Metrine alirudi jikoni, na roho ilimuuma sana.

Na ndipo alipofanya alilofanya. Mchana, Bi amelala, Metrine alichukua kipande cha mkate wa samuli, akakirowesha vizuri katika siki ya dukani, ile ya maji ya betri, akaenda uani akakidondosha mtungini. Mwenyewe aliona anafanya wema. Si ndivyo kukhu alivyomfundisha? Kitu hakichachi haraka peke yake. Na kwa nini amwambie Bi? Bi alikuwa anajivunia subira yake, na Metrine alitaka amwachie fahari hiyo, hana kingine.

Loo, ule mtungi uligeuka. Ndani ya majuma machache harufu ya ulevi ilikwisha, ikaja ile kali inayopanda puani na kuleta mate. Metrine aliopoa mabaki ya mkate kwa upawa kabla Bi hajaamka. Bi alipoonja alikaa chini palepale kwenye vigae, akalia, akasema mama, mama, kama mtoto mdogo. Rangi yake ilikuwa ya chungwa lililoiva, safi, unaona mkono upande wa pili wa chupa. Akamwambia Metrine umeona, subira yavuta heri. Metrine akasema ndiyo, Bi. Na hiyo ndiyo yake ilimkaa vibaya kidogo kooni, lakini akaimeza.

Soud akaja, akaonja, akatikisa kichwa. Akacheka hata. Akasema halas, mama ameshinda, maneno ya kuhama yaishe, na kwamba mkwewe mzee Salem anapenda sana siki, kwa nini mama asije Riyadh Ijumaa moja na chupa chache, wale samaki pamoja, kisha arudi zake Jidda. Bi alifurahi siku nzima.

Nyumba ya Soud iko juu, juu kabisa, katika mojawapo ya yale majengo ya vioo ya Olaya. Ukichungulia chini magari ni kama punje. Safa, mkewe, ni mwanamke mpole wa Riyadh asiyejua Kiswahili zaidi ya karibu na asante, na aliwapokea vizuri sana. Alimshika Bi mkono akamwonyesha chumba alichokuwa amekwisha kumtayarishia siku zile za maneno ya kuhama, pazia jipya, msala mpya, kitanda kirefu kisichosumbua goti. Kilikuwa chumba kizuri, kimetayarishwa kwa mapenzi. Bi alishukuru, akakitazama mara moja kama mtu anavyotazama kaburi lililochimbwa mapema, akatoka.

Chakula kilipowekwa, Metrine, aliyesafiri na Bi, alikuwa akipita na mabakuli kutoka jikoni. Samaki, wali, saladi, achari ya maembe ambayo Bi aliitengeneza mwenyewe kwa siki yake, na bakuli dogo la siki tupu ya kuchovya. Mzee Salem, baba yake Safa, alichovya kipande cha samaki, akafumba macho. Kisha akauliza, kwa heshima lakini kwa makini, siki hii imetengenezwa vipi, maana ladha yake ni ya zabibu. Metrine Kiarabu chake ni cha jikoni na sokoni, lakini kwa kukaa na Bi alikuwa anafuata.

Bi akaketi wima. Alieleza habari ya Jojia, na mtungi, na maganda. Akasema ilipita kwanza kwenye ulevi, kama inavyojulikana, kisha ikageuka. Mzee Salem akauliza, ilijigeuza? Bi akasema ilijigeuza, wallahi, haikutiwa hata chembe. Akaendelea kueleza, kwa furaha ya mwanafunzi anayejua jibu, kwamba mama yake alimfundisha tangu utotoni: ulevi ukijigeuza wenyewe kuwa siki ni halali na ni tohara, ni Mungu ameugeuza. Lakini mtu akitia kitu ili kuuharakisha, iwe chumvi, iwe kitunguu, iwe mkate, basi kile kitu kinanajisika na siki yote inanajisika nacho, haifai kuliwa, haifai hata kuguswa na anayetaka kuswali. Mzee Salem akasema hasa, hasa, akachovya tena.

Metrine alisimama na bakuli la wali mkononi. Iwe mkate. Mkate ule aliutia yeye. Hakuna aliyemwona. Hakuna atakayejua. Akinyamaza, Bi anarudi Jidda jioni na nyumba yake ni yake. Akisema, siki si siki tena, na nyumba imekwenda. Wewe ungefanyaje? Mimi nafikiri ningeweka wali mezani na kwenda zangu jikoni kuosha vyombo. Lakini mbele yake yule bibi, aliyekuwa anaamka alfajiri na goti lake bovu kutia udhu, alikuwa ananyoosha mkono wake kuelekea bakuli la siki.

"Bi," Metrine alisema kwa Kiswahili. "Njoo jikoni kidogo. Tafadhali."

Bi alimtazama, akaacha bakuli, akaenda. Jikoni Metrine alifunga mlango na hakuzungusha maneno.

"Nilitia mkate."

"Mkate gani?"

"Kwa mtungi. Samuli, na ile siki ya duka. Ulikuwa umelala."

Bi alishika ukingo wa sinki. "Ilikuwa bado inanuka ulevi?"

"Ndiyo."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Niliogopa watakuleta huku." Metrine alikuwa analia sasa. "Sikujua ni kosa. Kwetu ndio hufanya hivyo. Naapa..." Akanyamaza, kwa sababu alikuwa hajaapa maishani mwake.

Yule bibi hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha Metrine. Alifungua bomba, akaosha mikono yake mpaka viwikoni, akasukutua, akajipangusa, akaweka mtandio vizuri. Kisha akafungua mlango akarudi kwa wageni, Metrine nyuma yake na lile bakuli la wali.

Bi aliwaambia kwa Kiarabu waache kula siki na achari, na mnisamehe, alisema, mie ni mtu mzima, kumbukumbu zinanitoka. Nimekumbuka sasa hivi. Nilitia mkate mwenyewe.

Metrine alifahamu kilichofanyika, na alifahamu kwa nini. Soud ndiye kafili wake, mdhamini wa kibali chake. Mfanyakazi anayechezea mtungi wa mvinyo nyuma ya mgongo wa mama mzazi, akamlisha najisi na kumficha, huyo hangojwi, anakatiwa tiketi ya kwao. Bi alikuwa amejitia yeye mahali pake.

Soud aliinuka akaja akamshika mama yake bega. Alizungumza Kiswahili, kwa upole kabisa, ili wageni wasiielewe ile aibu. Alisema, "Mama, sasa hivi tu umeapa kwamba hukutia kitu."

"N'lisahau."

"Basi halas, Mama. Imetosha. Utakaa hapa. Metrine atakwenda Jidda kukufungia nguo."

"Sawa, baba," akasema Bi. Neno sawa tu, la mtu aliyetua mzigo. Alikuwa ameshaanza kutazama upande wa kile chumba chenye pazia jipya.

Metrine akaweka bakuli la wali chini. "Bosi, si yeye. Ni mimi nilitia."

"Usimsikilize," Bi alisema haraka. "Ananihurumia. Ni mtoto mwema."

Soud alimtazama mama yake, akamtazama Metrine, na usoni mwake ilionekana wazi kwamba anamwamini mama. Bila shaka angemwamini. Mama yake hajawahi kumdanganya tangu azaliwe. Na Metrine naye, mtoto wa nyumba ya Marafiki, aliona kwamba ukweli wake umefika mlangoni na umekataliwa kuingia, na ilimpandisha hasira. Akamgeukia bibi wa watu.

"Bi, utaimwaga siki yote kwa sababu ya kipande cha mkate. Na huu uongo utaumwaga wapi?"

Bi alivuta mtandio akajifunika uso. Mabega yakaanza kumtikisika, na kwa muda hakuna aliyejua kama anacheka au analia. Alipojifunua, macho yalikuwa yamelowa.

"Kanipata," alimwambia mwanawe. "Ni yeye. N'likusudia kukudanganya, na Mungu anisamehe."

Soud alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu. "Mama. Ungeiacha nyumba ya baba? Kwa ajili ya mfanyakazi?"

"Wewe wanijia mwezi mara moja, unanusa mtungi, unaondoka," Bi alisema, bila ukali, kama mtu anayeeleza njia. "Huyu ndiye anayejua nalala upande gani. Ile nyumba bila mtu ni kuta, Soud. Nilitaka abaki na kazi yake. Na yeye mkate ule aliutia kwa nini? Kwa sababu ulisema utanihamisha. Wewe ulitutisha, sisi tukaharibu."

Soud aliinamisha kichwa, akapitisha mkono usoni toka juu mpaka ndevuni. Metrine alikuwa amesimama, anangoja hukumu yake, anawaza jinsi atakavyoingia Kimilili na sanduku lileile. Hapo mzee Salem, ambaye hakuelewa hata neno moja la ule mvutano ila aliona Bi anapingwa, alichoka kungoja. Akauliza kwa Kiarabu, kwa sauti ya mtu ambaye samaki wake wamepoa: hebu nifahamisheni, hatimaye ni nani aliyetia huo mkate?

Safa naye aligeuka kumtazama mumewe. Soud alimtazama mama yake. Akamtazama Metrine, kwa muda, pengine kwa mara ya kwanza tangu amlete.

"Ana," alisema.

Kiarabu cha Metrine ni cha jikoni, lakini neno hilo hata mtoto analijua. Mimi. Soud akaendelea, anamweleza mkwewe kwamba alikwenda Jidda, akaukuta mtungi, akaona inachelewa, akatia mkate bila kumwambia mama, kwa kuwa alikuwa na haraka. Mama hakusahau kitu, alisema. Mama alitaka kunisitiri tu.

Mzee Salem aliweka kijiko chini. Basi hapo ndipo alipoanza. Mtu mzima, mwenye shahada, mwenye ofisi, hajui hukumu ya siki! Alimrudisha Soud mpaka darasa la kwanza, akamtolea dalili moja baada ya nyingine, kidole juu. Soud alisikiliza, ameinamisha kichwa, mikono magotini, anaitikia kila kituo. Katikati ya yale makemeo akasema kwa Kiswahili, chini kwa chini, bila kuinua macho:

"Metrine, kazimwage chupa zote. Kisha mtayarishe mama, msije mkakosa ndege ya Jidda."

Metrine alikusanya chupa, na achari, na bakuli, akaenda nazo jikoni. Alizifungua moja moja akazimimina kwenye sinki, na ile rangi nzuri ya chungwa ikateremka ikizunguka tunduni. Alikuwa analia tena, na harufu kali ilimsaidia asihitaji kueleza. Kule ukumbini mzee Salem alikuwa bado anamsomea Soud, na sauti ya Bi Mwanakhamis ilisikika ikimwunga mkono kwa Kiarabu chake bora, kwamba ni kweli kabisa, sheikh, huyu tangu mdogo hana subira, mseme, mseme sana.